Sokwe wa Gombe Wamewekewa Mipaka, Watoto Wetu Je?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewajaalia wanadamu kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Hilo tunalisoma katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, nalo ndilo msingi wa kila safari njema na kila mapokezi mema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyemhesabu kumkirimu mgeni kuwa ni sehemu ya imani.

Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni mbili. Wengi wao walikwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Mkoa wetu wa Kigoma ulipata wachache, na sisi wa nyanda za juu, Kasulu na Kibondo, tulipata wachache zaidi. Sababu kubwa ilikuwa njia. Msafiri aliyetoka Nyakanazi kuja kwetu alikula vumbi wakati wa kiangazi na kusukuma gari wakati wa mvua. Hali hiyo inabadilika. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami, na mkoa wetu unazidi kuunganishwa na Kagera na Mwanza. Barabara haichagui abiria. Itamleta mnunuzi wa maharage na asali, itamleta mgonjwa hospitalini kwa wakati, na itamleta pia mtu aliyekuja kututazama tu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala haya yanaziuliza familia za Kiislamu za wilaya hizi swali moja: mgeni huyu anayekuja, tutampokea kwa masharti ya nani?

Kanuni za msituni

Tuanze na jirani yetu. Kaskazini mwa mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa Kiingereza aliyefariki dunia Oktoba 2025, alifika pale Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, akakaa kuwatazama sokwe mpaka ulimwengu ukaijua Kigoma kwa ajili yao. Mwaka 1968 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Anayekwenda Gombe leo hapokewi kiholela. Hukaa karibu na sokwe kwa muda wa saa moja tu, tena katika kikundi kidogo, akiongozwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Hutakiwa asimame mbali nao kwa mita kadhaa, avae barakoa na asile chakula mbele yao. Mwenye mafua au homa huambiwa asiende.

Kanuni hizi hazikutungwa kwa kuwadhania watalii ubaya. Zilitungwa kwa sababu mgeni mwema naye anaweza kudhuru bila kukusudia. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa Gombe katika kipindi ambacho polio ilikuwa ikiwasumbua watu wa maeneo ya jirani. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua sokwe katika Hifadhi ya Mahale, na watafiti wakaona dalili za virusi vya aina inayowaambukiza binadamu. Mgeni anaweza kufika akiwa na mapenzi tele kwa wanyama hao, akawaachia kikohozi, akapanda boti na kuondoka.

Hapa ndipo ndugu msomaji atafakari. Sokwe, ambaye hana ulimi wa kujitetea, amepata watu wa kumsemea. Amewekewa umbali, muda na mlinzi. Je, mtoto wa Kasulu anayepigwa picha barabarani akiwa na kamasi na shati lililochanika, nani amemwekea umbali? Mama anayechota maji kisimani, jeneza linalopelekwa makaburini, waumini waliosujudu msikitini, nani amewawekea mlinzi? Hatusemi binadamu alinganishwe na mnyama. Tunasema kwamba aliyetukuzwa na Mola wake kuliko viumbe wengi anastahili staha isiyopungua ile aliyopewa sokwe.

Wageni tuliokwisha kuwaona

Wapo watakaosema kwamba utalii haujafika Kibondo, na kwamba tunajadili mvua kabla ya wingu. Kauli hiyo haizingatii historia yetu ya miaka thelathini.

Tangu mwaka 1993, machafuko ya Burundi na baadaye vita vya Kongo vimeleta mamia ya maelfu ya wakimbizi katika mkoa huu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata, kisha ikafungwa mwaka 2021. Mkimbizi si mtalii, na hakuna Mwislamu mwenye huruma anayeweza kuwachanganya hao wawili. Mkimbizi amekimbia kifo. Hata hivyo, nyuma ya mkimbizi wamekuja wageni wa aina nyingine: maofisa wa mashirika, washauri wa wiki mbili, wapiga picha, waandishi, wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, watu mashuhuri wanaopelekwa kambini asubuhi na kurudishwa uwanja wa ndege jioni. Hao ndio waliotuonjesha utalii kabla hatujaujua kwa jina.

Tulijifunza nini kwao? Tulijifunza kwanza kwamba fedha ya mgeni ni ya kweli. Nyumba zilipangishwa, nyumba za kulala wageni zikaongezeka, mama lishe wakapata wateja, na vijana wakapata kazi za udereva, ulinzi na ukalimani. Mkulima aliyekuwa na ziada ya mahindi na ndizi alipata soko karibu na shamba lake.

Tulijifunza pia kwamba fedha hiyo hupandisha bei kwa asiyekuwa nayo. Kodi ya chumba ilipanda kwa mgeni na kwa mwalimu wa shule ya msingi vilevile. Baadhi ya walimu na wauguzi waliacha madarasa na zahanati kwenda kufanya kazi za mashirika, kwa kuwa mshahara wa ukalimani ulizidi wa taaluma yao. Kisha kambi ilipofungwa na magari meupe yakaondoka, waliojenga vyumba kwa matarajio ya mpangaji wa dola walibaki na vyumba, na waliokopa walibaki na deni. Uchumi uliojengwa juu ya mgeni mmoja huondoka naye siku anapofunga mizigo yake. Huo ndio ushauri wa kwanza tunaoweza kumpa yeyote anayetuhubiria kwamba utalii utamaliza umaskini wetu: tuupokee kama nyongeza juu ya jembe, tusiufanye badala ya jembe.

Picha ya yatima

Lipo jambo ambalo wengi huliona na wachache hulisema, kwa sababu linawagusa ndugu zetu katika imani. Misikiti yetu ya vijijini hupokea wageni wa kheri kutoka miji mikubwa na kutoka nje ya nchi. Huja wakati wa Ramadhani na futari, wakati wa Idd al-Adh-ha na nyama ya udhhiya, au wakati wa kuzindua kisima. Mola awalipe. Visima hivyo vinanywesha watu, na nyama hiyo huingia katika nyumba ambazo hazijaonja nyama kwa miezi.

Lakini mara nyingi kheri hiyo huja na kamera. Mayatima hupangwa mstari juani, kila mmoja akishika mfuko wa mchele wenye nembo, na huambiwa watabasamu. Mjane huombwa aseme mbele ya kinasa sauti jinsi alivyolala njaa. Picha husambazwa katika mitandao, na baada ya miaka kumi, yule mtoto aliyekuwa wa nane sasa ni kijana anayetaka kuposa, na sura yake ya dhiki bado inazunguka katika simu za watu. Haya hayana tofauti na mtalii anayelipa ili apelekwe kutazama mtaa wa maskini. Jina tu ndilo limebadilika.

Mzee mmoja katika kikao cha kamati aliwahi kuniuliza kwa upole: "Katibu, mwanangu, sadaka hii ingetufikia kama mtoto asingepigwa picha?" Kikao kilinyamaza. Swali lake lina jibu katika Suratul-Baqara. Aya ya 264 inatutahadharisha kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka, na aya ya 271 inatufundisha kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, ila ile inayofikishwa kwa mafukara kwa siri ni bora zaidi kwa mtoaji.

Tunafahamu kwamba mfadhili aliye mbali anahitaji ushahidi kwamba amana yake imefika. Hiyo ni haki yake. Ushahidi huo unaweza kuwa picha ya kisima chenyewe, ya magunia stoo, ya orodha iliyotiwa saini na imamu na mwenyekiti wa kitongoji. Uso wa yatima haulazimiki kuwa risiti.

Ujiji na simulizi lililoibwa

Athari nyingine ya utalii haionekani kwa macho, kwa sababu iko katika maneno. Anayefika Ujiji hupelekwa penye mnara wa kumbukumbu ya David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Huelezwa habari za Wazungu wawili waliovuana kofia chini ya mwembe, akapiga picha, akaondoka.

Mji uliowapokea je? Ujiji ulikuwa mji wa Waislamu wa pwani, Wamanyema, Wajiji na wengineo, wenye soko, misikiti na mashamba. Livingstone alipougua vibaya mwaka 1869, aliyemhudumia na kumsafirisha hadi Ujiji alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Gharib, na Livingstone mwenyewe aliyaandika hayo. Ni kutoka miji ya namna hiyo ambako Uislamu ulipanda, hatua kwa hatua, hadi kwenye milima yetu ya Buha. Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba misafara ileile ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Waislamu walikuwamo miongoni mwa wafanyabiashara hao, na aibu hiyo hatuifichi. Mgeni anastahili kuelezwa yote mawili: ukarimu na dhulma. Tukikaa kimya, atasimuliwa na mwingine, na sisi tutabaki mandhari katika historia ya mji wetu wenyewe.

Nyanda za juu nazo zina ya kusimuliwa. Heru Juu, wilayani Kasulu, ilikuwa makao ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Upande wa mashariki wa Kibondo kuna Pori la Akiba la Moyowosi na ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Wageni matajiri wamekuwa wakija huko kuwinda na kutazama nzohe na ndege wa majini, wakati watoto wengi wa Kibondo hawajawahi kuambiwa kwamba kuna hazina hiyo karibu na kwao. Mtu asiyejua thamani ya kilicho nyumbani mwake hawezi kupanga bei yake, wala kukilinda.

Zanzibar: kujitenga si kinga

Kwa anayetaka kuona mwisho wa njia hii kabla ya kuianza, Zanzibar ni mwalimu wa karibu. Visiwa hivyo vina watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na mwaka 2024 vilipokea wageni zaidi ya 736,000. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hakuna jamii ya Waislamu katika nchi yetu iliyoishi na utalii kwa wingi kama ile.

Kheri zake zinaonekana. Ajira zimepatikana, serikali imepata mapato, na vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani hupata sehemu ya viingilio vya wageni, kwa hiyo wanavijiji wana sababu ya kuulinda msitu huo na kima punju wake. Hasara zake nazo zinaonekana. Ardhi ya pwani iliuzwa kwa bei ambayo wauzaji waliijutia baadaye. Njia za kwenda ufukweni zilipita katikati ya kuta za hoteli. Wageni walitembea wakiwa nusu uchi mbele ya misikiti, mpaka viongozi wakalazimika kukumbusha mara kwa mara juu ya mavazi. Vijana waliacha shule na madrasa wakawa mapapasi, wakiwafuata wageni kwa biashara ndogondogo, na wengine wakaingia katika ulevi na dawa za kulevya.

Somo lililo muhimu zaidi kwetu ni jingine. Wazazi wengi wa vijiji vya pwani, kwa sababu za dini zinazoeleweka, hawakutaka watoto wao, hasa mabinti, wafanye kazi mahali panapouzwa pombe. Shule nazo hazikuwa zimewaandaa vijana hao kwa lugha na ujuzi wa hoteli. Hoteli hazikuacha kujengwa kwa sababu hiyo. Nafasi zilijazwa na watu kutoka bara na nchi jirani, wakiwemo vijana wa mikoa kama wetu, na wenyeji wakabaki wakitazama ukuta kwa nje. Walilipa gharama yote ya utalii na wakapata sehemu ndogo ya faida yake.

Hatusemi kwamba wazazi wale walikosea kuogopa. Kuuza na kumhudumia mtu pombe ni haramu, na haramu haihalalishwi na mshahara. Lakini kati ya kumimina pombe na kufunga mlango kuna uwanja mpana wa halali. Mboga, mayai, asali, maharage na mchele vinavyoliwa katika hoteli vinalimwa na mtu. Usafiri unaendeshwa na mtu. Historia inasimuliwa na mtu. Nyumba ya wageni isiyouza pombe wala kupangisha vyumba kwa saa inaweza kumilikiwa na Mwislamu, na ikapata wateja wa heshima wa dini zote. Anayejitenga na uwanja huo wote huwaachia wengine wamwandikie masharti ya maisha yake.

Haki ya mgeni na haki ya mwenyeji

Dini yetu imekwisha kuweka mkataba kati ya mwenyeji na mgeni, nao una pande mbili. Upande wa mwenyeji tunamwona Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratudh-Dhariyat, ambaye wageni asiowajua walipoingia kwake, hakuwahoji bali aliharakisha kuwaletea ndama aliyenona. Tunamwona Nabii Lut (A.S.), aliyesimama mlangoni kuwakinga wageni wake na uovu wa watu wa mji wake mwenyewe. Kwa hiyo kumlaghai mtalii, kumpandishia bei kwa sababu ya rangi yake, kumwibia simu au kumsumbua binti wa kigeni kwa maneno machafu, yote hayo ni khiyana. Ugeni wake kwetu ni amana, hata kama hatuipendi nguo yake.

Upande wa mgeni, Suratun-Nur, aya ya 27, inamtaka mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na awasalimu wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Waswahili walilifupisha somo hilo kwa namna yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni ana haki, na haki hiyo ina mpaka.

Tatizo la utalii wa leo ni kwamba unamgeuza mgeni kuwa mteja. Mgeni huomba ruhusa, mteja huona kwamba amekwisha kulipa. Tena mara nyingi amemlipa mtu mwingine, katika ofisi iliyo mbali na kijiji anachokuja kukitazama. Kazi yetu ni kumrudisha katika hadhi ya mgeni, kwa kumweleza mapema nini tunakiruhusu na nini hatukiruhusu. Wageni wengi hufurahi kuelezwa. Aliyevuka bahari ili awajue watu huondoka na kitu cha kweli anapopokewa na watu wenye mipaka, kuliko anapotumbuizwa na watu walio tayari kuuza kila kitu. Kwetu sisi, salamu ya Kiha haina haraka: watu hushikana mikono na kuulizana habari za nyumbani, mifugo na mashamba. Mgeni akifundishwa kusalimu hivyo kabla ya kutoa kamera, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanzie wapi?

Kwanza, kila kamati ya msikiti iandike kanuni za ugeni katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuzibandika mlangoni. Ziseme mgeni anafika saa ngapi, nani humpokea, anavaa nini, anasimama wapi wakati wa Swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, asiye Mwislamu anaweza kuingia msikitini, usiokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka, kwa idhini ya Waislamu. Idhini hiyo itolewe na imamu, isitolewe na kijana aliyepewa noti elfu kumi nje.

Pili, picha za watoto zizuiwe katika madrasa na vituo vya mayatima, isipokuwa kwa idhini ya mzazi au mlezi aliyeelezwa picha itakwenda wapi. Kanuni hiyo imhusu mfadhili Mwislamu sawasawa na mtalii asiye Mwislamu. Tukimsamehe wa kwetu, wa mbali atatuona wanafiki.

Tatu, madrasa na shule zetu zifundishe historia ya mahali. Kijana anayejua Kiingereza, anayejua njia ya Uislamu kutoka Ujiji hadi Buha, na anayejua kutaja miti na ndege wa Malagarasi, huyo ni mwongoza watalii. Anayejua Kiingereza peke yake atakuwa papasi.

Nne, mzazi mwenye kiwanja kando ya barabara mpya asikiuze kwa pupa. Ashauriane na familia, ikiwezekana apangishe, na wenye uwezo wafikirie kuweka wakfu. Kiwanja kimoja cha wakfu kando ya lami chenye maduka matatu kinaweza kulisha madrasa kwa vizazi.

Tano, tukae pamoja na majirani zetu Wakristo, ambao katika wilaya hizi ni wengi, na viongozi wa vijiji vyetu. Adabu ya makaburi, heshima ya watoto na staha ya mavazi si mambo ya Waislamu peke yao, na kanuni ya kijiji kizima ina nguvu kuliko ya msikiti mmoja.

Sisi nasi ni wasafiri

Haki haitimii bila kujitazama. Familia za Kiislamu nazo husafiri. Shule zetu huwapeleka wanafunzi Gombe na Ujiji, maharusi huenda Zanzibar, na wenye uwezo huenda Umra na Hija. Je, tunapokuwa wageni, tunawaomba watu ruhusa kabla ya kuwapiga picha? Tunatupa chupa za maji ziwani? Tunamwona Mtongwe wa Mahale, ambaye wazee wake waliishi katika milima ile kabla ya kuwa hifadhi mwaka 1985 na wakalazimika kuhama, kama mwenyeji mwenye haki, au kama kivutio kingine? Qur'an inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji, kama ilivyo katika Suratul-Ankabut, aya ya 20. Kutazama huko ni ibada, na ibada ina adabu zake.

Lami inapoendelea kusogea, wageni wataongezeka, na baadhi yao watakuwa watu wema sana. Gombe waliandika kanuni baada ya sokwe kufa. Sisi bado tuna nafasi ya kuandika zetu kabla mtoto yeyote hajalipa gharama. Kikao kijacho cha kamati ya msikiti wako ni mahali pazuri pa kuanzia. Beba karatasi na kalamu.

Wabillahi tawfiq.